Akaunti ya Darasa

Fakhriya binti Marzouq alifika Ibra saa tatu asubuhi ya Jumanne, na kabla hajazima gari Dokta Humaid alikwisha toka nje kumpokea. Hilo peke yake lilimtia shaka. Siku zote mbili alizokuwa akienda na kurudi baina ya Nizwa na Ibra, mwenye zahanati huyo hakuwahi kuvuka kizingiti cha ofisi yake kumlaki mtu.

"Tumempata," alisema Dokta Humaid, akimfungulia mlango wa gari.

"Mmempata nani?"

"Aliyewafungulia wezi. Amekiri mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote. Bi Mahfudha wa mafaili."

Fakhriya alichukua mkoba wake wa vifaa kiti cha nyuma, akafunga gari taratibu. Alikuwa amefanya kazi miaka minane katika maabara ya polisi kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe Nizwa, na katika miaka hiyo alijifunza kutofurahia haraka mtu anapokiri.

Jumapili asubuhi kompyuta zote kumi na nne zilizounganishwa na mtandao wa zahanati ziliwaka zikiwa na ukurasa mmoja mweusi: mafaili yenu tumeyafunga, mkitaka ufunguo lipeni. Majina ya wagonjwa, dawa zao, picha za eksirei, vyote viligeuka herufi zisizosomeka. Saa tatu na nusu akaletwa Mzee Thuwaini wa Bidiya, mguu umevimba kwa msumari aliokanyaga alipokuwa akirekebisha hema la kambi yake ya watalii. Muuguzi alimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mzee, homa imempanda, akajibu hakuna. Faili lake lilikuwa na mstari mwekundu, ulioandikwa miaka mitano nyuma, unaosema asipewe penisilini kabisa. Lakini faili lilifungwa pamoja na mengine. Akadungwa sindano. Haikupita robo saa koo likamziba. Sasa alikuwa hospitali kubwa, anapumua kwa mashine.

"Polisi wanataka ripoti yako kabla ya adhuhuri," Dokta Humaid aliendelea huku wakitembea. "Andika jina lake, tia saini, khalas. Anastaafu mwakani. Wallahi mimi sitampeleka mahakamani. Atakwenda kwake tu."

"Nitazungumza naye kwanza."

"Kuna la kuzungumza? Kakiri."

"Dokta, mtu hukiri kile anachodhani amekifanya. Mimi nataka kujua alichokifanya."

Bi Mahfudha alikuwa katika chumba cha makabrasha, kile chembamba kilicho nyuma ya mapokezi, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri gari la kumchukua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, wanja umemchuruzika. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman mtoto wa miaka mitano, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha mama yake wa Mkunazini.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba, mwanangu." Aliuvuta mkoba karibu. "Nimekutia aibu. Umetusomesha vizuri, wallahi, umetusomesha kama watoto wa skuli, na mie nikenda nikafanya lile lile ulilotukataza."

Fakhriya alivuta kiti cha pili akakaa mbele yake, magoti yao karibu yagusane. Ndiyo, alikuwa amewasomesha. Miezi mitatu nyuma Dokta Humaid alimwita afundishe wafanyakazi misingi ya kujilinda mtandaoni: barua za uongo, maneno ya siri, waya gani unaungana na upi. Watu kumi na saba walikaa katika ukumbi wa mikutano asubuhi nzima. Ndiyo maana msiba ulipotokea, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa.

"Nambie mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa siku gani?"

"Jumatano iliyopita. Imekuja barua kwenye kompyuta, ati kifurushi changu kimezuiwa Maskati, nibonyeze hapa kabla ya saa sita ama kitarejeshwa. Na mie kweli nilikuwa nikingojea kitambaa kutoka kwa mwana wa dada yangu. Nikabonyeza."

"Halafu?"

"Pakatokea pahala pa kuandika neno la siri. Nikaandika."

"La kompyuta ya zahanati?"

"Hilo hilo. Sina jengine." Machozi yalianza tena. "Nimemuua Mzee Thuwaini, Fakhriya. Mtu ambaye kila akija hapa hunletea tende za Bidiya."

"Hajafa, Bi Mahfudha. Baada ya kuandika neno, ulifanya nini?"

"Nikakumbuka."

"Ukakumbuka nini?"

Bi Mahfudha alifungua mkoba akatoa daftari la skuli lenye jalada la kijani. Alilishika kwa mikono miwili, akalitoa kama anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Fakhriya alifungua. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wa mviringo, wino wa buluu: *Darasa la Bi Fakhriya. Barua inayokuharakisha, ishuku. Neno la siri haliandikwi pahala pa kuonekana. Ukishakosea usione haya: chomoa waya, mpigie Yazeed, andika saa.*

Alifunua hadi ukurasa wa mwisho wenye maandishi. *Jumatano. Saa 3:40 nimebonyeza. 3:41 nimechomoa waya. 3:43 nimempigia Yazeed. 3:55 kaja, kanibadilishia neno, kaichukua kompyuta.*

"Dakika moja," alisema Fakhriya.

"Naam?"

"Ulikaa na kosa dakika moja tu. Dokta Humaid ameliona daftari hili?"

"Hajaniuliza. Jana alitukusanya akasema, nani kabonyeza barua asiyoijua? Nikanyoosha mkono. Kuna haja gani ya kusema zaidi? Kisha akaja Hala, binti wa mzee, kanishika mkono hapo mapokezi mbele za watu. Kanambia, 'Ni wewe?' Nikamwambia, ni mie."

Fakhriya alilipiga daftari picha, ukurasa kwa ukurasa, akamrudishia. "Usiondoke. Na usitie saini karatasi yoyote mpaka nirudi."

Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa ukumbi, baridi kama jokofu. Yazeed, fundi wa mitandao wa zahanati, kijana wa miaka ishirini na sita aliyezaliwa Sur, alikuwa amesimama mbele ya mashine zake kama aliyekuja kuzitembelea wodini. Alipomwona Fakhriya alitoa mikono mfukoni.

"Ustadha."

"Kompyuta ya Bi Mahfudha iko wapi?"

Yazeed alionyesha chini ya meza. Kompyuta ilikuwa pale tangu Jumatano, imebandikwa karatasi yenye tarehe na jina lake, haijaunganishwa na kitu. Fakhriya alichukua dakika arobaini kuikagua. Hakuiwasha wala kuiunga na mtandao, alitoa diski yake, akaisoma kwa kifaa kinachosoma bila kuandika. Barua ya kifurushi ilikuwamo. Ukurasa wa uongo ulikuwamo. Hakukuwa na programu yoyote iliyojipenyeza baada ya hapo. Na neno la siri lililoibwa lilikuwa limekufa baada ya robo saa, Yazeed alipolibadilisha.

"Hakuna kilichopita hapa," alisema.

"Hapana, ustadha."

"Ulijua?"

Yazeed aliangalia waya. "Nilifikiri hivyo."

"Ulifikiri hivyo, na jana Bi Mahfudha alipokuwa analia mbele ya watu ulikuwa umesimama wapi?"

Yazeed aliendelea kuutazama waya. Fakhriya alimweka kichwani kama mshukiwa. Aliyebomoa seva alikuwa amefuta kumbukumbu za maingilio kabla ya kufunga mafaili, hilo waliligundua Jumapili. Lakini palikuwa na kisanduku kingine, kile cha ulinzi kinachokaa mlangoni mwa mtandao, mafundi hukiita fayawoli. Hicho kina kumbukumbu zake chenyewe na wezi hawakukigusa. Tangu jana asubuhi alikuwa akimwomba Yazeed ruhusa ya kuingia humo. Mara ya kwanza alisema amesahau neno la siri. Mara ya pili alisema anasubiri kampuni iliyokiuza ijibu.

"Leo umelikumbuka neno la fayawoli?"

"Bado, ustadha. Wale watu hawajajibu..."

"Yazeed." Fakhriya alivuta kiti, akamwashiria akae. "Nikuambie ninavyoona mimi. Fundi hasahau neno la kisanduku anachokifungua kila wiki. Anayenificha kisanduku hiki ananificha kilichomo. Na aliyemwacha mama mzima abebe lawama isiyo yake ana sababu kubwa ya kunyamaza. Uliacha mlango wazi ili ufanye kazi ukiwa nyumbani?"

"Si mimi."

"Basi nani?"

"Ustadha, bora tusiingie humo."

"Fungua."

Yazeed alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake hayakuwa ya mtu aliyebanwa. Yalikuwa ya mtu anayemwonea mwingine huruma, na hilo Fakhriya hakulielewa mpaka baadaye kidogo. Kijana akavuta kibao cha herufi, akaandika neno la siri bila kusita hata herufi moja, akaigeuza skrini upande wa Fakhriya.

Orodha ilikuwa ndefu. Fakhriya alianza Jumapili akarudi nyuma. Ijumaa, saa sita u nusu mchana, wakati watu wako msikitini na zahanati imefungwa, mtu aliingia kutoka nje ya nchi akakaa saa mbili na dakika saba. Hapo ndipo mafaili yalipofungwa. Alizidi kurudi. Alhamisi, hakuna. Jumatano, siku ya Bi Mahfudha, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatatu, saa kumi na dakika kumi alasiri: mtu yule yule, njia ile ile, dakika ishirini na nne.

"Aliingia Jumatatu," alisema, akiandika kwenye daftari lake. "Siku mbili kabla Bi Mahfudha hajabonyeza chochote. Basi. Bi Mahfudha hamo katika jambo hili." Alisogeza kidole. "Na hakubahatisha. Wezi wanaobahatisha hujaribu maneno mia, mia mbili, na kila jaribio linaandikwa. Huyu kaandika neno mara moja likakubali. Alikuwa nalo mkononi. Ametumia akaunti ya..."

Kidole kilisimama.

Kwenye safu ya jina la mtumiaji paliandikwa: *darasa*.

Mashine zilivuma. Yazeed aliinamisha kichwa.

"Hii jina mimi nimeiona Jumapili," alisema kwa sauti ndogo, Kiswahili chake cha kuungaunga kikizidi kukatika. "Nikasema, nitamwambia ustadha. Halafu Bi Mahfudha akanyoosha mkono, mudir Humaid akafurahi, watu zote wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza."

Fakhriya alikumbuka asubuhi ile vizuri. Alitaka kuwaonyesha wafanyakazi jinsi mwizi anavyoweza kuingia kutoka mbali, waone kwa macho yao, maana watu hawaogopi kitu wanachosimuliwa. Alimwomba Yazeed atoboe njia kwenye fayawoli kwa ajili ya onyesho. Akaunda akaunti, akaipa mamlaka yote ya seva ili onyesho lisikwame. Yazeed alimuuliza kama aifute wakienda kunywa kahawa. Akamjibu, acha, nitaifuta mwenyewe, bado naihitaji. Kisha simu ililia, mteja wa Sur akitaka kumwona kabla ya alasiri, akakusanya vitu vyake akaondoka na kipande cha halwa kwenye karatasi.

"Njia nayo haikuzibwa?"

"Ulisema utanipigia ukimaliza, nizibe. Nilingoja. Halafu..." Yazeed aliinua mabega. "Kosa yangu pia. Ilikuwa niulize tena."

"Haikuwa juu yako kuuliza." Alijilazimisha kurudi kwenye kazi. "Neno la siri alilipata wapi? Nililiandika ubaoni, watu kumi na saba wakaliona. Kuna aliyelinakili? Kuna aliyeacha kazi tangu siku ile?"

"Hakuna aliyeacha."

"Ubao ulifutwa?"

"Siku ile ile. Mimi mwenyewe nilifuta."

"Kabla au baada ya picha?"

Alilisema bila kupanga, na baada ya kulisema alitoa simu. Zahanati ilikuwa na ukurasa wake wa Instagramu, wa matangazo ya chanjo na saa za Ramadhani. Alishuka chini, picha baada ya picha, mpaka akafika. Wafanyakazi kumi na saba wamepanga mistari miwili, Bi Mahfudha katikati, daftari la kijani kifuani. Yeye mwenyewe pembeni, amecheka mpaka magego. Chini yake maandishi ya kusifu zahanati inayojali usalama wa wagonjwa wake. Na ni yeye aliyemwambia binti wa mapokezi, ipandisheni hii, watu waone.

Alikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya bega lake, kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wake ulionyooka aliokuwa akijivunia, palisomeka bila taabu jina la akaunti, na chini yake neno la siri.

Picha ilikuwa imekaa hapo siku tisini na mbili.

"Wezi hupita wakizikagua picha kama hizi," alisema. "Wana programu za kuzisoma. Niliwaeleza hilo darasani."

"Ulitueleza, ustadha."

Aliweka simu juu ya meza, uso chini. Yazeed ndiye aliyesema, akichagua maneno.

"Hiki kisanduku kinaweka siku tisa tu. Kesho asubuhi ile Jumatatu itajifuta yenyewe. Ijumaa itabaki, lakini mwizi Ijumaa anaweza kuwa ametumia chochote alichoiba Jumatano. Si lazima mtu aguse kitu. Ukiandika chanzo hakikujulikana, Bi Mahfudha pia atapona."

"Na akaunti? Jina linaonekana hata Ijumaa."

"Akaunti ninaweza kusema niliiunda mimi."

Mlango uligongwa. Dokta Humaid alichungulia bila kuingia, saa yake ikimeta mkononi. "Vipi, bint Marzouq? Imekwisha?"

"Nusu saa, Dokta."

Mlango ulifungwa. Fakhriya alifungua laptopu yake. Ripoti ilikuwa imekwisha andaliwa tangu jana, ikikosa sehemu moja tu. Aliandika: *Chanzo cha uvamizi hakikuthibitika.* Ilikuwa sentensi nzuri, fupi, na katika miaka yake ya maabara alikuwa ameiona kwenye ripoti nyingi za watu wengine. Alikuwa na ofisi Nizwa yenye wafanyakazi wanne. Alikuwa na kandarasi ya shule mbili na ya kiwanda kimoja cha Sur, na zote zilipatikana kwa jina lake tu. Aliitazama ile sentensi mpaka skrini ikafifia kwa kukosa kuguswa.

Akaigusa. Akafuta herufi moja moja, mpaka mstari ukabaki mtupu.

"Nipe diski mpya, ambayo haijafunguliwa," alimwambia Yazeed.

Walinakili kumbukumbu zote za kisanduku, siku tisa nzima. Alihesabu alama za uhakiki, zinazoonyesha kama nakala imebadilika, mara mbili, zikalingana. Alitia diski ndani ya mfuko wa ushahidi, akaufunga, akamwambia Yazeed atie saini juu ya utepe, na saa. Kisha akajaza fomu. Palipoandikwa *Mchunguzi* alikata kwa mstari. Chini, palipoandikwa *Wahusika*, akaandika jina lake lote, la baba na la babu.

Ndipo alipompigia simu Reem wa maabara ya polisi, ambaye alikaa naye meza moja kwa miaka sita.

"Nataka mje mchukue ushahidi Ibra, leo. Siwezi kuendelea nao."

"Kwa nini? Umekwama?"

"Sikukwama. Nimefika, na niliyemkuta ni mimi."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa. "Fakhriya, usiguse kitu chochote kuanzia sasa," alisema Reem, na sauti yake ilikuwa imekwisha badilika, imekuwa ya kazi. "Kaa mbali na mashine. Tunakuja."

Alimwomba Yazeed amwite Bi Mahfudha, wakakutana wote wanne ofisini kwa Dokta Humaid. Fakhriya hakukaa. Alieleza kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza mahakamani: njia iliyotobolewa, akaunti iliyoachwa, ubao, picha, Jumatatu saa kumi na dakika kumi. Alipofika kwenye daftari la kijani alilisoma kwa sauti, saa kwa saa.

"Katika zahanati hii," alimalizia, "mtu mmoja tu ndiye aliyefanya kila alichofundishwa. Ni Bi Mahfudha. Aliyemfundisha ndiye ambaye hakufanya."

Dokta Humaid alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa ncha ya kilemba. "Unajua unachokifanya? Bi Mahfudha kakubali mwenyewe. Ulimwengu mzima unaelewa mama mtu mzima kubonyeza barua. Lakini mtaalamu! Niliyemlipa! Nitawaambia nini watu, kwamba mwizi nilimwalika mwenyewe na kahawa nikamnywesha?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Utafunga ofisi yako."

"Huenda."

"Nitakushitaki."

"Una haki, Dokta. Diski iko kwa Yazeed, imefungwa. Polisi wanakuja."

Dokta Humaid alitupa miwani mezani. Akamtazama Bi Mahfudha. Alikuwa akimwita mama kwa miaka kumi na moja, na jana alimwacha alie mbele ya watu. "Nendeni," alisema hatimaye. "Nendeni wote. Niacheni."

Ukumbini Bi Mahfudha alimshika Fakhriya mkono. Fakhriya alitegemea asikie shukrani na alijua hatoweza kuivumilia. Lakini mama yule alikuwa amekasirika.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili sijala, sijalala. Nimemwambia Mungu anichukue mie badala ya yule mzee. Kumbe ni akaunti yako?"

"Akaunti yangu."

"Hukufikiri hata mara moja kuitazama? Jumapili, ulipokuja na mikoba yako? Hukusema, ngoja nianze na nilichokiacha mie?"

"Sikufikiri. Nilianza na watu wengine."

Bi Mahfudha alimwachia mkono. Alivuta mtandio wake, akajifuta uso kwa ncha yake, akashusha pumzi. "Twende hospitali," alisema. "Hala hajui. Yule mtoto ananichukia mie, na chuki hiyo si yangu. Mwendee ukamwambie wewe."

Walikwenda kwa gari la Fakhriya. Mchana ulikuwa mweupe, vumbi limesimama juu ya barabara ya kwenda Bidiya. Hospitali walimkuta Hala nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viatu kando. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu, baba yake alikulia Tabora na nyumbani kwao Kiswahili hakikuwahi kukatika. Alipomwona Bi Mahfudha alisimama.

"Nilikuambia usije."

"Nimekuja kumleta huyu," alisema Bi Mahfudha, akarudi nyuma hatua mbili.

Fakhriya alijitaja jina na kazi. Akaeleza tena, lakini mara hii bila mpangilio wa mahakamani. Aliacha yale maneno ya kifundi. Alisema aliwahi kufungua mlango wa nyuma wa zahanati ili awafundishe watu hatari ya milango ya nyuma, akaondoka bila kuufunga, na ufunguo wake akaupiga picha. Alisema Bi Mahfudha hakufanya kosa lolote lililomfikia mzee. Alisema polisi watakuja kumhoji yeye mwenyewe, na Hala akitaka kushitaki, ushahidi wote uko.

Hala alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Bi Mahfudha. "Bi Mahfudha, mimi jana..."

"Hapana neno, mwanangu. Hapana neno kabisa."

Hala akamgeukia Fakhriya. "Baba yuko vipi unajua?"

"Sijauliza. Niliona haya kuuliza."

"Asubuhi wametoa mpira wa kooni. Anapumua mwenyewe. Lakini kuna muda alikosa hewa. Mkono wa kulia haunyanyuki, na amesahau jina langu. Daktari anasema huenda likarudi, huenda lisirudi." Alisema yote kwa sauti moja, kama anayesomea wanafunzi imla. "Hiyo akaunti. Kuifuta, ingekuchukua muda gani?"

Fakhriya alitamani swali lolote lingine.

"Nusu dakika," alisema.

Hala alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama aliyekuwa akifanya hesabu na sasa amepata jibu. Muuguzi alipita na toroli la dawa. Nyuma ya kioo, kitandani, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe aligeuza uso usingizini upande wa dirisha.

"Amesinzia, ataamka baada ya adhuhuri," alisema Hala. Alisukuma mlango kwa bega, akauacha wazi. "Kuna kiti karibu na kitanda. Kaa. Akiamka, mwambie mwenyewe. Na kesho uje umwambie tena, maana atakuwa amesahau."

Fakhriya alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa.